Efendi, Ulikuwa Ukitafuta Nini Miguuni Mwetu?

Babu yangu,

Leo nna maswali, na wewe maswali ulikuwa huyapendi. Utanisamehe.

Unazikumbuka Ijumaa zetu za mtaani Khuwair ya Kusini, huku ng'ambo? Wali umeshapakuliwa, sisi wajukuu tumepangwa mstari ukumbini, miguu mitupu, na wewe na miwani yako unatukagua kidole kwa kidole. "Panua hapo. Hapa pabichi, kakaushe." Bibi akicheka jikoni: "Mzee huyu! Wenziwe hukagua madaftari, yeye miguu!" Mimi nikidhani ni wazimu wa usafi tu.

Vita vyako hukuvisimulia. Tulijua ulikuwa efendi, cheo cha juu kabisa walichokubali Waingereza kumpa mtu wa kwetu, na kwamba ulipigana Burma. Nikikuuliza kulikuwaje, jibu lako lilikuwa moja: "Mvua, mwanangu. Mvua tupu."

Mwezi uliopita Mama alifungua sanduku lako, akitafuta nishani yako ya vita aitundike majlisi, mbele ya wageni. Chini ya nishani tukakuta barua uliyomwandikia mama wa askari wako Ramadhani, wa Tabora. Hukuipeleka. "Aliniambia miguu inamwoza. Nikamwona mvivu, nikamwamuru atembee. Siku ya tatu akafa. Kosa ni langu."

Mama akataka kuichoma. "Usimvunjie babu yako heshima naye yumo kaburini." Tuligombana, Babu, wallahi tuligombana. Mimi nilitaka kujua tu. Ulimwogopa mama yule, au ulijiogopa mwenyewe? Na kila Ijumaa ulikuwa ukitukagua sisi, au Ramadhani?

Bahasha ilikuwa na jina la mtaa. Binamu yetu aliyeko Tabora akaulizia msikitini, akampata dada mdogo wa Ramadhani, sasa ajuza. Nikamsomea barua yako kwa simu, nangoja matusi.

Akasema, "Rudia hapo alipokufa."

Nikarudia.

"Sisi watu walituambia kakimbia jeshi, kaoa hukohuko. Mama yetu kafa akimlaani."

Ya Rabbi! Barua moja tu, Babu. Kwa nini hukuipeleka? Nimekukasirikia, na bado nnakupenda, na sijui nifanye nini na vyote viwili.

Kesho wanamsomea Ramadhani hitima, ya kwanza tangu afe. Kabla ya kukata simu, ajuza yule kaniuliza jina lako kamili, ili nawe usomewe humo humo.

Lala salama.

Mjukuu wako wa mwisho