Kicheko Nilichokikata Kurui

Mama yangu wa Kurui,

Ipo sauti moja niliyoondoka nayo huko. Si nyimbo tulizoimba, wala si vigelegele vya siku tulipoezeka paa la zahanati. Ni kicheko chako, tena si kizima. Ni nusu ya kicheko. Kilianza kifuani, kikapanda, kikafika kooni, halafu kikakatika, kama mlango uliosukumwa ukagota jiwe. Mimi ndiye niliyekuwa hilo jiwe.

Najua barua hii utasomewa na binti yako Zuhura. Zuhura ndugu yangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali nilipokosea, maana nakujua, utataka kunisitiri. Nakala yake nimeibandika kwenye ubao wa kanisa letu hapa Wundanyi, kwa hiyo hakuna cha kusitiri tena.

Mama, unakumbuka tulivyofika? Vijana kumi na wawili wa kanisa kutoka Kenya. Tulikuwa tumekaa wiki mbili Kongowe ya Kibaha tukifundishwa namna ya kuishi na wenyeji, kisha tukapakiwa kwenye lori pamoja na mabati na saruji, tukateremshwa kijijini kwenu tukiwa wekundu kwa vumbi. Mwalimu Elia, kiongozi wetu, alikuwa amenipa kazi ya kuandika kanuni za safari, kwa sababu nina mwandiko mzuri na nimemaliza kidato cha sita. Zilikuwa kanuni kumi. Ya saba niliitunga mwenyewe: "Msibani, kaa kimya. Imba ukiombwa. Usicheke." Niliipenda kuliko zote. Niliona imejaa heshima.

Balozi wa nyumba kumi akatugawa kwa wenyeji, nami nikaangukia kwako. Nilikuamkia shikamoo ukiwa umechuchumaa jikoni unapuliza moto, na hukugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Kisamvu unakula?"

"Nakula, mama."

"Basi umefika."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu yote, na mpaka leo sijapata mengine yaliyonitosha vile. Alfajiri ulikuwa ukimaliza swala yako unagonga mlango wa chumba chetu, mimi na Zuhura: "Mkristo, amka nawe uombe kwako. Jua halingoji dini ya mtu." Niliandika nyumbani kwamba nimekuja kuwashuhudia watu imani, na kila siku Mwislamu ananiamsha nisali.

Baada ya hapo, kabla chai haijachemka, ilikuwa inasikika sauti nyingine njiani. Mzee Mihayo, Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge na hakurudi kwao, akipita na jembe begani.

"Enyi Wazaramo! Mmeamka, au mnangoja mpigiwe ngoma?"

Nawe ulimjibu kutoka jikoni bila kuinua kichwa: "Pita, mpagazi! Mzigo wako wamekuwekea Tabora!"

"Nitaubeba nikishakuzika!"

"Utangulie wewe, mwenye shingo iliyochakaa!"

Mimi nilikuwa nikisikia maneno hayo natetemeka. Katika daftari langu la sala la wiki ile ya kwanza nimeandika, na ninalo hapa mbele yangu: "Jirani ana ugomvi mkubwa na Mama. Tuombe upatanisho." Niliomba kwa bidii, mama. Nilifunga hata siku mbili. Nilipokuja kumwambia Zuhura habari za kufunga huko, alicheka hadi akaketi chini.

Kisha kaka yako akafariki. Marehemu Mzee Omari nilimwona mara chache tu, akipita na koti lake la kahawia lisilovuliwa hata kwenye joto, akichechemea mguu wa kushoto. Walimzika alasiri ile ile. Sisi wanawake tulikuwa tumejaa uani kwako juu ya mikeka, nawe katikati, umejifunika kanga, macho makavu. Sikupata kuona macho makavu namna ile. Nilikaa nyuma yako na kanuni yangu ya saba kichwani, kimya, mgongo umenyooka.

Ndipo Mzee Mihayo akaingia uani. Amevaa lile koti la kahawia. Amevaa kofia ya marehemu. Anachechemea mguu wa kushoto, barabara kabisa, hata namna ile ya kusimama kila hatua ya tatu kushika kiuno.

"Mmezika nani nyinyi?" akauliza kwa sauti ya marehemu. "Mimi hapa nina njaa! Wazaramo wavivu, hata mtu wa kuzika mnakosea! Dada yangu yuko wapi? Niwekeeni kahawa!"

Wewe ukainua kichwa. Ukamtazama. Na hapo ndipo nilipokisikia kicheko kifuani mwako, mama, kikianza kupanda. Mabega yako yakatikisika. Wanawake wote walikuwa wamekuinamia, wanakingoja.

Nami nikasimama. Binti wa kidato cha sita, mwandishi wa kanuni.

"Baba, mwogope Mungu! Hapa kuna msiba! Huoni aibu kumdhihaki maiti mbele ya ndugu yake?"

Kicheko chako kikakatika pale kilipofika. Mzee Mihayo alinitazama, akakutazama wewe, akavua kofia. Akavua koti, akalikunja mikono ndani kama watu wanavyokunja nguo ya mtoto, akaliweka mkekani mbele yako.

"Samahani, mgeni," akaniambia kwa sauti yake mwenyewe. Akatoka. Hakuchechemea.

Hakuna aliyenikaripia. Wewe ulinivuta kanga tu: "Kaa, mwanangu. Umechoka." Jioni Mwalimu Elia alinipa mkono mbele ya wenzangu akasema nimeshuhudia vyema. Nililala nimeridhika. Ndiyo sehemu inayonichoma zaidi nikiikumbuka, kwamba nililala.

Asubuhi yake hakuna aliyepita njiani kututukana. Wala ya pili yake. Ulipuliza moto, chai ikachemka, njia iko kimya. Zikapita wiki. Ulikuwa unatupikia, unaniamsha, unaniuliza kama matofali yamekauka, lakini sauti yako ilikuwa imelala, na mimi nikadhani huzuni ndivyo ilivyo.

Zuhura ndiye aliyeniambia. Tulikuwa kisimani, na nadhani alikuwa amechoka kunionea haya. Nilimwambia tushukuru kwamba yule mzee amekoma.

Akatua ndoo. "Nikuambie kitu, hutakasirika?"

"Sitakasirika."

"Yule ni mtani wetu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Msibani mtani ndiye mwenye kazi ya kumtoa mfiwa machozi. Anamchekesha, akicheka analia, akilia anapona. Mama hajacheka wala hajalia toka siku ile. Umemfukuza wewe."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya ndoo ile. "Mbona hamkuniambia?"

"Wewe mgeni. Mgeni anasutwa?"

"Lakini yule mzee alivaa koti la maiti, Zuhura!"

"Wamekata mkonge pamoja tangu hujazaliwa wewe. Unadhani pale aliyekuwa na msiba zaidi ni nani?"

Nilisema nitakwenda kumwomba radhi leo hii, kwa magoti. Zuhura akashika kichwa. "Ukienda na magoti umeharibu tena! Mtani haombwi radhi, mwenzangu. Ukimwomba radhi umemwambia humtaki. Mtani anatukanwa."

Zilikuwa zimebaki siku nne tuondoke. Siku nne, na mimi sijapata kumtukana mtu maishani mwangu, hata kaka zangu. Zuhura alinifundisha kila tulipokwenda kisimani. Nilijaribu: "Wewe ni mtu usiye na adabu."

"Hilo kemeo. Hapo umekuwa polisi."

Nikajaribu: "Ewe mzee, umri wako haulingani na busara zako."

"Hiyo mahubiri. Atasema amina. Tukana kama unampenda, wewe!"

Sikuweza. Kumbe nilikuwa najua mambo mengi ya Mungu na sijui kumtukana mtu kama nampenda.

Siku ya mwisho tulikaa wote ndani ya zahanati mpya, sakafu bado inanuka saruji. Balozi alikuwa ameita kijiji kizima. Mwalimu Elia akasema tutafakari pamoja: kila kijana asimame aseme anaondoka na nini. Wenzangu walisema vizuri. Mmoja anaondoka na urafiki, mwingine na wimbo, mwingine na ujuzi wa kufyatua matofali. Nilikuona umekaa ukutani mikono mapajani. Na mlangoni kabisa, karibu na mizigo yetu, nilimwona Mzee Mihayo, ametulia kama mtu aliyekuja kwenye baraza la wakubwa, maana balozi alimwita kama alivyoita wengine.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee Mihayo," nikasema.

Watu wakageuka. "Marahaba," akajibu, taratibu.

"Nimeulizwa naondoka na nini. Naondoka na sanduku la bati. Lipo hapo miguuni pako tangu asubuhi. Nimeambiwa babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani kwa vichwa vyao. Sasa nashangaa, naona mpagazi mzima amekaa, na sanduku limekaa. Nani kati yenu anamngoja mwenzake ambebe?"

Mama, hakuna aliyecheka. Mwalimu Elia alifumba macho. Niliona nimeharibu mara ya pili, na safari hii hakuna siku zilizobaki.

Mzee Mihayo akasimama. Akalizunguka sanduku. Akalinyanyua, akalipima, akalipandisha kichwani.

"Jamani," akasema, "kumbe hawa Wataita wana mdomo! Muda wote huu nilidhani wamekuja na Biblia tu!"

Kijiji kikalipuka. Nawe ukainuka. Hukusema neno, ukatoka, tukakusikia ukivuka njia kwenda nyumbani, na uliporudi ulikuwa na lile koti la kahawia, limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye.

"Ulisahau nguo ya ndugu yako," ukamwambia. "Au Wanyamwezi mnavaa nguo siku moja tu?"

Akalivaa, sanduku bado liko kichwani, sisi tukimsaidia mikono. Kisha akaanza kutembea kwenda kwenye lori. Akichechemea mguu wa kushoto. Hatua ya tatu, akashika kiuno: "Dada yangu! Huku nilikokwenda hakuna kahawa!"

Ndipo kikatoka. Nusu ile iliyokwama kooni kwako kwa wiki tano ilitoka na mwenziwe, mama. Ulicheka hadi ukashika ukuta mpya wa zahanati. Kisha ukalia, ukalia sana, Zuhura akakukumbatia, na katikati ya kulia ukamtazama tena anavyochechemea na sanduku langu, ukacheka upya. Mzee Mihayo naye machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono miwili ilikuwa imeshika mzigo wangu.

Aliponipandishia sanduku kwenye lori alinikaribia akasema, "Wewe si mgeni tena. Nikifa, waambie wakuite uje unitukane. Na usije na maneno ya kitabuni."

Wenzangu waliimba toka Maneromango mpaka Kibaha. Mimi sikuimba. Nilikuwa nasikiliza.

Ni miezi saba sasa. Mama yangu mzazi anasema nimerudi na maradhi ya kucheka, na baba anauliza ni mafundisho ya kanisa gani. Nina furaha, mama. Sijui kuieleza bila kuiharibu. Nilikwenda huko nikidhani heshima ni kunyamaza, na wewe uliyenyamaza ili nisiaibike ulinipa heshima ambayo sikuijua. Nikipuliza moto jikoni asubuhi nasikiliza njia yetu. Hakuna mtu anayepita kunitukana, na ninamkosa.

Sasa kundi la pili la vijana linaondoka mwezi ujao, nalo linakuja huko huko kwenu Kisarawe. Wiki iliyopita Mwalimu Elia aliniita akaniagiza nichape upya zile kanuni kumi, zibaki kama zilivyo. Akasema hasa ile ya saba, maana ilitufaa siku ya msiba wa Kurui, na ataitolea ushuhuda. Ni mtu mwema, nawe unajua. Nilimwambia haikutufaa. Nikamweleza yote, tangu kisimani. Akasema nisifanye haraka, tutafakari kwanza hadi Jumapili ijayo.

Sikungoja Jumapili. Jana mchana niliingia ofisi ya kanisa, nikachapa stensili mpya, nikazungusha mashine ya kudurufu kwa mkono wangu mpaka nakala zikatosha kundi zima, na nimekwisha kuwagawia mmoja mmoja. Kanuni tisa ziko kama zilivyokuwa. Ya saba inasema: "Msibani, kaa karibu na mfiwa. Akilia, kaa. Akicheka, usimkate."

Alama nyeusi utakazoziona pembeni mwa karatasi hii ni vidole vyangu. Wino wa stensili hautoki upesi. Msalimie mpagazi, umwambie shingo yake nimeisahau lakini sanduku ninalo.

Mimi mwanao,
uliyenipokea kwa kisamvu