Mashahidi Wawili wa Kifo cha Bwanausi

Jumatatu, 3 Mfungo Tano 1304 Hijria. Bagamoyo

Mikono inawaka. Siku nzima kukwangua sandarusi, utomvu mgumu kama jiwe, ghalani kwa Mhindi Jaysukh, kisha kuiosha kwa maji ya magadi. Ngozi ya vidole imepasuka. Wenzangu wananiona navipulizia, wanacheka. Waje kwetu Mikindani wapande minazi, tuone!

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilitoka kabla sijahitimu, herufi zangu zinapanda na kushuka. Haidhuru. Hakuna atakayezisoma.

Basi niseme kweli. Nimekuja huku kutafuta kifo cha kaka yangu. Huu mwaka wa sita tangu Bwanausi aondoke, akaandikwa askari hapa Bagamoyo, akapelekwa vita vya Unyanyembe. Hakurudi. Alikuwa amekaa na mkewe Mwaija mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Mimi ndiye niliyemchotea Mwaija maji miaka yote hii, nikamwezekea paa, nikamlimia. Na kila Ijumaa anaitoa kanzu ya Bwanausi sandukuni, anaianika juani. Isiingie nondo, anasema. Kanzu yangu mimi haijapata kuanikwa na mtu.

Kadhi wa kwetu kasema mke wa aliyepotea haolewi mpaka wapatikane wanaume wawili waadilifu walioshuhudia kifo. Mwaija naye kasema niwalete hao wawili, akae eda, kisha hatanikataa.

Hakusema atanipenda. Hatanikataa.

Alhamisi, 6 Mfungo Tano

Nalala barazani kwa Ashura muuza vitumbua. Mama huyu hafichwi kitu. Asubuhi kanitazama, mwiko mkononi.

"Wewe baba, unatafuta kaka au unatafuta maiti?"

Nikajifanya kinywa kimejaa.

Lakini ndiye aliyenielekeza. Rajabu, anayejaza birika la msikiti, alikuwa askari wa Unyanyembe. Baada ya alasiri nikaenda.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamtaja Bwanausi wa Mikindani. Ndoo ikamponyoka! Akanishika uso kwa mikono yake yenye maji. "Macho yake hasa," akasema. Si kweli. Bwanausi alichukua macho ya mama, mimi nikachukua ya baba, na watu wote kwetu wanajua nani aliyepata hasara.

Akasimulia. Walishambulia boma la adui, wakarudishwa nyuma. Rajabu akapigwa risasi ya paja, akaachwa handakini. Wote wakakimbia. Bwanausi peke yake akageuka. Akarudi chini ya risasi, akamtoa handakini, akambeba mgongoni mpaka penye miti. Hapo naye akapigwa chini ya goti. Wenzao wakamnyakua Rajabu. Bwanausi akabaki chini, damu inamwagika, adui wanakuja.

"Alikufa?" nikauliza. Labda niliuliza upesi mno.

"Kafa shahidi. Nitaapa popote."

Kisha akaniambia mwanawe wa kwanza kampa jina la Bwanausi. Hata huku yupo!

Nimekuja kutafuta kifo, nimepewa sifa. Nitamwambiaje Mwaija kwamba amekufa bila kumwambia alivyokufa?

Ijumaa, 7 Mfungo Tano

Baada ya sala Rajabu kanishika mkono, kawatangazia watu: huyu ndugu yake Bwanausi! Wazee nisiowajua wamenipa mkono. Mmoja kalia.

Hakuna aliyeuliza jina langu.

Jumapili, 9 Mfungo Tano

Nimempata wa pili!!

Jaysukh alinituma Mbegani kuchukua chokaa ya kupaka ghala. Rajabu alikuwa ameniambia kwamba mchoma chokaa wa huko, Mwinyimvua, walikuwa naye kikosi kimoja. Mwinyimvua ni Mzaramo, na watu wa kwetu na Wazaramo ni watani. Nilipotaja tu Mikindani akapiga kelele tanuu zima lisikie.

"Nani kamfungulia huyu? Ficheni kuku!"

"Kuku gani? Mzaramo ana kuku asiyekuwa wa wizi?"

Wakacheka, tukapeana mikono. Nikamwuliza juu ya Bwanausi.

"Yule? Kafa! Nimemzika mwenyewe kwa mikono hii. Mzito kama kiboko! Kaburi halikumtosha, nikamkunja kama mkeka. Na kilemba chake nikachukua. Haki yangu mtani."

Nami nikacheka. Nikacheka mpaka machozi. Ni kawaida mtani amzike mtani wake na achukue nguo zake, kwetu hufanywa hivyo hivyo. Nikamwuliza, utasema haya mbele ya kadhi?

"Hata mbele ya kadhi wa Maka!"

Nimebeba magunia ya chokaa mpaka Bagamoyo kana kwamba ni manyoya. Naiona ile kanzu inarudi sandukuni. Hapana, naiona inagawiwa masikini.

Jumatano, 12 Mfungo Tano

Aibu. Aibu tupu.

Tulikaa mbele ya kadhi, Rajabu kulia, Mwinyimvua kushoto. Nilitaka maneno yao yaandikwe hapa, yapelekwe kwa kadhi wa kwetu. Rajabu kasema yake vizuri, analia. Kadhi akamgeukia Mwinyimvua. Wewe ulimzika wapi?

Mwinyimvua akanitazama, akamtazama kadhi, akaangua kicheko.

"Shehe, mimi mtani wake! Nikikutana na watu wa kwao nitasema nini? Kwamba mzima anakula?"

Kadhi hakucheka. Alisema neno la mtani juu ya kifo hata mtoto halichukui, na mimi mtu mzima nimekuja nalo barazani kwake. Kwa nini nililiamini? Nikatazama mkeka.

Nje Mwinyimvua akaacha mzaha. Bwanausi yuko Ubena, si ile ya mbali ya Wabena, hii ya njia ya misafara, mwendo wa siku tano. Wapagazi walimwokota baada ya vita, mguu ukakatwa. Mwinyimvua humwona kila apitapo na msafara. Mwenyewe kawakataza watu wasimtangaze, hataki kurudi kwa mkewe nusu mtu. "Nilidhani umekwisha jua," akaniambia. "Nilidhani unanichokoza, nami nikakuchokoza."

Rajabu kaanguka kusujudu pale pale vumbini. Watu wakanipongeza. Ikanibidi niseme alhamdulillahi kwa sauti.

Alhamisi, 13 Mfungo Tano

Ashura kauliza mbona nimevaa uso wa msiba, na kaka mzima.

Lakini nimefikiri. Maiti anataka mashahidi wawili. Mtu hai anatosha peke yake! Atoe talaka, basi. Yeye mwenyewe hataki kurudi. Nitamwomba kwa upole, kama ndugu.

Jaysukh nilimwogopa, kumbe karuhusu mara moja. "Kaka? Wewe nenda, nenda! Mimi kaka yangu iko Kachi, kule Bara Hindi, miaka kumi sijaona." Akanifungia na tende za njiani. Nilizipokea nikitazama pembeni.

Jumatano, 19 Mfungo Tano. Ubena

Njia yote nilipanga maneno. Nitaanza na salamu za mama. Kisha habari za shamba. Kisha, kaka, umekuwa ukimfikiria Mwaija? Mwache huru.

Alikuwa amekaa nje ya kibanda anasuka ukili wa mikeka. Kakonda. Mguu wa kushoto unaishia gotini. Akainua uso — na yale macho ya mama yako vile vile.

"Kombo!"

Tangu niondoke kwetu hakuna aliyeniita jina langu hivyo. Na kabla sijafungua kinywa akauliza, "Mwaija kaolewa?"

Ningesema ndiyo. Ndiyo moja tu! Angelia, angetoa talaka, mambo yangekwisha. Nani angejua?

Nikasema, "Bado. Anaianika kanzu yako kila Ijumaa."

Kwa nini nilitaja kanzu?!

Akajifunika uso, akalia kama mtoto. Alipomaliza akasema, "Basi nirudishe nyumbani, mdogo wangu. Nilikuwa mjinga."

Talaka sikuitaja.

Baadaye tukila nikamsimulia habari za Rajabu, namna anavyomsifu msikitini. Akacheka mpaka akapaliwa. "Rajabu? Nani alirudi kwa ajili ya Rajabu? Nilirudi kufuata leso ya Mwaija. Aliyonifungia siku ya kuondoka. Ilinianguka handakini, na Rajabu alikuwa ameilalia! Nikamnyanyua niichukue, akaning'ang'ania shingoni. Ningefanyaje?"

Kumbe si shujaa. Nilikuwa nangoja neno hili tangu utotoni, sasa nimelipata, halina ladha.

Leso anayo. Ndiyo anayofungia kile kigutu.

Alhamisi, 27 Mfungo Tano. Mto Kingani

Njia ikiwa kavu anakwenda kwa mkongojo. Penye tope namchukua mgongoni, na mvua za vuli zimeanza, kwa hiyo tope liko kila mahali. Mdomo wake uko sikioni pangu tangu asubuhi mpaka jioni. Mwaija bado anaimba akitwanga? Bado ana kile kicheko? Ananenepa? Nani anayemlimia?

"Mimi," nikasema.

"Mungu akulipe, mdogo wangu." Akanibusu kisogo.

Tumefika kwenye kivuko. Bagamoyo iko ng'ambo, si mbali. Mtumbwi wa kivuko umechukuliwa na maji. Wenyeji wanasema tungoje yapwe, kisha tuvuke kwa miguu. Kina kifuani, mkondo una nguvu katikati, na tusisimame, mamba wapo.

Bwanausi hajui kuogelea. Tangu utoto. Mimi ndiye niliyejua. Mama akitusifu mbele ya wageni, langu lilikuwa hilo moja.

Watu wa mbele yetu wamekwisha vuka, nawaona wanakamua nguo. Kigutu kiko wazi. Leso kaifungua, kaifunga kichwani isilowe. Ananyoosha mikono yote miwili anipande.

"Kombo, twende. Maji yamepwa."