Kishindo Ulichokisikia

Kwa Mama Mkunga,
Nyumbani kwa binti yako.

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamepata nafuu kwa kuwa huko hakuna ngazi za kupanda. Wajukuu hawajambo? Natumaini wanakuachia kiti cha karibu na dirisha, maana najua usipoona watu wanaopita siku haiishi. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Hapa jengoni mambo ni yale yale. Lifti imekufa tena, na msimamizi wetu Bwana Funguo ameibandika karatasi ile ile ya mwaka jana, hata tarehe hakubadilisha. Mlango wako wa ghorofa ya tatu umefungwa. Anasema mwisho wa mwezi nyumba yako itapewa mpangaji mwingine, kwa sababu binti yako amemjulisha mwenye jengo kwamba hutarudi. Kwa hiyo sina muda wa kuzunguka, ingawa utaona nitazunguka tu, maana woga niliouzoea hauniachi kwa siku moja.

Mama, nina sungura. Yuko humu ndani, juu ya dari yako, tangu mwaka jana.

Nilimpokea kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu wa duka la miwani aliyekuwa akihama, kwa ahadi kwamba ni wiki mbili tu. Ni wa kijivu, sikio moja limesimama, la pili limelala. Nilimwita Meneja, kwa sababu kila asubuhi huzunguka vyumba vyote kukagua, haridhiki na chochote, kisha huenda kukaa chini ya meza. Kanuni za jengo zinakataza wanyama, nami nilizitia sahihi kwa mkono wangu. Basi nikamficha. Nyasi zake kavu nilizipandisha kila Jumamosi ndani ya sanduku la magurudumu, na Bwana Funguo hakuchoka kuniuliza safari ilikuwaje. Hata yale majani ya karoti uliyokuwa ukinitundikia mlangoni, nikakwambia nayapikia supu! Ukasema tangu uzaliwe hujaona mtu anayekula majani ya karoti kama mimi. Ulikuwa ukimlisha yeye, Mama, bila kujua.

Sasa, sungura hana sauti ya kupigia kelele. Akiogopa hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma, na kishindo chake huwezi kuamini kimetoka kwa kiumbe unayembeba mkono mmoja. Siku ya kwanza ulipopanda kuniuliza natwanga nini saa nne asubuhi, nilikujibu kweli tupu kwamba saa nne mimi niko kazini. Sikujua. Nilikuja kujua siku niliyobaki nyumbani na mafua. Lori la taka lilifika chini ya dirisha, likaanza kurudi nyuma kwa ule mlio wake, na Meneja akapiga sakafu mara tatu mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Nilipaswa kushuka kwako saa ile ile. Badala yake nilinunua zulia, naye akahamia kwenye kona isiyo na zulia.

Unakumbuka siku uliyonisimamisha kwenye ngazi ukicheka? Ulisema umewazalisha wanawake miaka thelathini na minne, ukiweka sikio lako tumboni na kusikia moyo wa mtoto kabla mashine haijasikia, kwa hiyo dari haiwezi kukushinda. Nikacheka nawe. Ukawauliza majirani wa kulia na kushoto, wakasema hawasikii kitu. Bwana Funguo akakagua mabomba yako, akasema yako salama. Kidogo kidogo ukaacha kucheka. Ukaja kuniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwako, kama labda kishindo kile kiko kichwani mwako tu. Nikajitia hamnazo. Nikasema majengo ya zamani yana milio yake.

Kazi yangu, Mama, kutwa ni kumkalisha mtu kitini na kumuuliza anaona nini ukutani. Akisema herufi inacheza, naamini inacheza. Wateja nisiowajua hata majina nawaamini, na wewe nikakuacha ujitilie shaka.

Lakini hayo siyo mabaya zaidi. Mabaya zaidi yako hapa, na nimeshachana karatasi mbili kabla ya kuyaandika.

Alhamisi ile binti yako alipokuja, baada ya kutoka kwako alipanda kwangu. Nilikuwa nimemfungia Meneja bafuni. Dada aliniuliza kwa upole kabisa kama nami nasikia kishindo anachokisema mama yake. Kabla sijafumbua mdomo, Meneja akapiga. Mara moja, kwa nguvu. Dada akageuka, akauliza ni nini kile. Nikasema ni ndoo imeanguka. Hapo ningeweza kuishia, uongo wangu ungekuwa mdogo. Ila nilimwona bado anautazama mlango wa bafu, nikatafuta neno la kumtoa pale. Nikamwambia kwamba hata mimi nina wasiwasi nawe. Nikasema nimekukuta mara mbili kwenye ngazi hujui ghorofa yako ni ipi, na kwamba siku moja nilisikia harufu ya gesi kutoka jikoni kwako.

Halikutokea hata moja. Hukupotea kwenye ngazi. Gesi yako hukuwahi kuisahau. Niliyatunga yote pale pale nikiwa nimesimama, ili mtu asifungue mlango wa bafu.

Binti yako alinishika mikono yote miwili, akalia, akanishukuru kwa kukuangalia. Wiki haikuisha ukahamishwa. Siku ya kuondoka ulinikumbatia pale koridoni ukaniomba radhi kwa kunisumbua na habari za kishindo. Nikakujibu kwamba hukunisumbua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilikuwa nimeshika begi lako, nikashuka nalo hadi chini.

Jumapili iliyopita Dada aliniita nimsaidie kufunga vyombo vyako, kwa kuwa alikuwa bado ananiamini. Nyuma ya mlango wa jikoni nikaikuta kalenda. Kila siku ya kishindo umeweka mstari wa penseli na saa pembeni. Jumanne saa nne. Ijumaa saa nne. Jumatano moja saa tisa. Kisha ukurasa wa miezi miwili ya mwisho, pembeni ya kila mstari umeweka alama ya kuuliza. Siku za mwisho mstari haupo kabisa, imebaki alama ya kuuliza peke yake. Nilikaa chini kwenye sakafu yako. Jumanne na Ijumaa saa nne ni lori la taka. Jumatano ile saa tisa fundi wa lifti alikuwa anatoboa ukuta. Hukukosea hata mara moja.

Juzi nilikwenda kwa binti yako nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Aliuliza jambo moja tu, kama ile habari ya gesi ilikuwa kweli. Nikasema si kweli. Amekubali kukufikishia barua hii, ila hataki kuniona tena, na ana haki. Bwana Funguo naye nimemwambia. Aliguna, akauliza kama ndiyo maana sanduku langu liliacha nyasi ngazini. Mimi na Meneja tumepewa mpaka mwisho wa mwezi tuhame. Nilimwomba asimpe mtu funguo zako mpaka asikie neno kutoka kinywani mwako mwenyewe. Amesema atasubiri hadi tarehe thelathini.

Sikuombi unisamehe, Mama. Nakuomba umpigie Bwana Funguo.

Kalenda yako nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nimechukua kifutio, nimefuta alama za kuuliza moja baada ya nyingine, zote. Mistari sikuigusa. Pale ulipoacha kuandika, nimeijaza mwenyewe kwa kalamu ya wino, na saa pembeni, kwa kufuata siku za lori la taka.

Wasalimie wajukuu. Shikamoo tena, hata kama hutaiitikia.

Ni mimi,
jirani yako wa juu.