Mguu wa Namkunda

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Huku Myamba tangawizi imestawi na bibi yako bado ananigombeza, basi ujue mimi mzima.

Umeuliza utajuaje kama dada wa kazi anamtunza vizuri mwanao Elia, ambaye akili yake inachelewa. Babu yako nimefika hadi Lubumbashi, lakini hilo nililijulia hapa hapa nyumbani. Ujanani niliachiwa mdogo wangu Namkunda, naye alikuwa kama Elia. Nikamfunga mguu kitandani kwa kamba ya mbuzi, asije akaungua jikoni, nikaenda gulioni kuringia viatu vipya. Nilimkuta salama, hana hata mchubuko, nikajisifu.

Tangu siku ile, kila nikiingia ndani alininyooshea mguu mwenyewe, mpaka alipofariki.

Kwa hiyo dada akiingia, wewe mwangalie Elia.

Babu yako wa viatu.