Kaye Uliyoondoka Nayo

Mwanangu Brendan,

Kwanza nakusalimu mimi mama yako. Mwili uko salama, ni magoti tu. Dada yako Rose anakusalimu. Mama Furaha, tunayegawana naye chumba, wa nyuma ya pazia, anakusalimu, na Furaha mwenyewe anakusalimu, ameota magego ya kwanza, kitanda chako bado anakiita "kwa Bre" na hakubali mtu akikalie. Bibi yako wa Uvira, kule Kongo, anakusalimu. Anapiga simu kila Jumapili, anasema "nipe Brendan," kisha anakumbuka, na salio linaisha hivyo hivyo. Wote hapa Durban, Greyville, wanakusalimu. Watu wakiuliza tunasema tuko wazima.

Breni, unajua niliishia darasa la tatu. Ulikuwa unanicheka, "Mama, weka nukta, watu wapumue!" Leo naweka nukta nyingi, maana mimi mwenyewe pumzi imeniisha.

Jibu limekuja. Limetoka Ayalandi.

Yule mama anayetunza vitabu vya parokia, uliyemwandikia mara tatu akanyamaza, kumbe alikuwa mgonjwa. Rose alinisomea kwenye simu pale saluni, mimi nimesimama na kitana mkononi, kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Anasema ameona wanaume watatu wenye jina la babu wa baba yenu, Mulvey, na wote walizaliwa karibu wakati mmoja. Tena anasema iko bibi mmoja wa ukoo huo, mzee sana, bado yuko hai, ana picha ya kijana aliyepanda meli kwenda Afrika kujenga reli. Lakini hawezi kumsumbua mzee kwa kubahatisha. Anataka vitu viwili: jina la kijiji, na jina la mama wa huyo kijana, kama vilivyoandikwa kwenye kitabu cha ndoa cha hapa Durban. Halafu mwisho ameandika, fanyeni haraka, bibi haamki tena kitandani.

Vitu viwili, mwanangu. Ulikuwa navyo vyote.

Nakumbuka siku uliyovipata. Ulikuwa umezunguka makanisa manne, na makaburi ya zamani ambako jiwe lilikuwa limeanguka na jina nusu limelika. Ukaingia hapa hata viatu hujavua. "Mama, wamemwandika! Baba yake, mama yake, mpaka kijiji!" Yule mzee anayetunza vitabu kule kanisani alikuwa amekukataza kupiga picha, kurasa zinavunjika, akasema nakili kwa mkono, tena kwa penseli. Ukanakili kwenye kaye yako ya bluu, ile niliyokununulia ya shule ukaifanya daftari la wafu. Ukanisomea jina la kijiji. Nikajaribu kulitamka, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mama, ulimi umegoma!" Na mimi nikasema, "Na huyo mama aliyemzaa, alipokuwa anamwita mtoto aje kula alilitamkaje?"

Sikukuuliza kwa nini unajichosha hivyo. Nilijua. Ulianza siku ile vijana walipotusimamisha pale roboti, kwenye taa za barabarani, wakasikia Kiswahili chetu, wakatuambia turudi kwetu. Tulipofika mlangoni ukasema, "Wewe kwenu Uvira. Baba alizaliwa hapa, akafa hapa. Mimi na Rose turudi wapi? Nitapatafuta kwetu pote, Mama, mpaka pa mwisho."

Sasa Rose anaitafuta kaye. Amegeuza godoro, amemwaga sanduku la sufuria, amefungua mpaka mto wako. Simu yako uliibiwa kwenye taxi kabla hujalazwa, basi ni kaye tu. Amerudi kule kanisani, yule mzee akamwambia, "Binti, niletee mwaka na ukurasa, vitabu vimejaa chumba kizima na mimi macho yangu yameisha." Mwaka na ukurasa viko kwenye kaye.

Juzi Rose alimwambia Mama Furaha, "Mtoto wako ameichana, anachana kila karatasi!" Mama Furaha akalia. "Mimi niliyemwosha kaka yako leo unaniita mwizi wa karatasi?" Akaanza kukunja nguo zake. Na mimi nilikuwa nakoroga sombe, majani yetu ya muhogo. Nilikoroga mpaka ikashika chini.

Rose hajui. Hakuna anayejua. Mimi ndiye niliyekupa.

Kule hospitali ulinishika mkono ukasema, "Mama, kaye isipotee." Nikawaza, wapi haitapotea? Hapa tumehamishwa nyumba mara nne. Maji yameingia, wezi wameingia. Na kwetu mtu hatumwachi aende mikono mitupu, babu yangu tulimwekea kiko chake. Basi ulipokuwa umelazwa kwenye jeneza, watu walipotoka kwenda kuita gari, nikafungua vifungo vya koti lako, nikaiweka kifuani pako, juu yake rozari, nikafunga tena. Nikasema moyoni, hapo sasa haitapotea. Nilifurahi, Breni. Siku ile ya kukuzika nilikuwa na kitu kimoja cha kufurahia, na ndicho hicho.

Nimekwenda ofisi ya makaburi, nikauliza kama vile namuulizia mtu mwingine. Kijana wa pale akasema kufukua ni mpaka karatasi ya mahakama, kisha akaniangalia. "Kwa sababu gani, mama?" Ningesema nini? Nataka daftari? Tena ni penseli, na mvua za Durban unazijua. Kila ikinyesha nasikia inaingia kifuani pako inafuta.

Nimejaribu kukumbuka. Jana nikamwambia Rose, nadhani kaka yako alisema Bali, Bali kitu. Akatafuta kwenye simu, akacheka kwa uchungu. "Eish, Mama, nusu ya nchi ile inaanza na Bali."

Ulikuwa umefika pale pa mwisho ulipokuwa unapatafuta, na mlango nimeufunga mimi, kwa mikono hii hii.

Nakuahidi jambo moja. Jumapili kabla ya misa nitawakalisha Rose na Mama Furaha kitandani kwako, nitasema yote. Rose akinichukia, sitamlaumu. Lakini Mama Furaha hatatoka hapa na jina la mwizi kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa.

Lala, mwanangu. Sikuagi vizuri, sijawahi kuweza. Ila kama huko mnaruhusiwa, njoo. Usije kwangu, herufi zitanipotea kabla hakujakucha. Nenda kwa Rose. Mwambie jina la kijiji polepole, herufi moja moja, na la yule mama pia. Usikawie, Breni. Bibi wa watu amelala na picha, anangoja kuambiwa ni ya nani.

Mimi mama yako,
Esperance