Zamu Kwenye Mkondo Mwembamba

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya sita ya Masanja kwenye kichuguu. Anapandisha kitambaa chekundu mtumbwi wenye mpunga ukishuka, anakishusha ukishapita. Hapa konani mto umebanwa, matete yanaziba macho, mitumbwi miwili haipishani. Tulikubaliana wote: asubuhi mitumbwi, adhuhuri ng'ombe, nyavu zitolewe kabla ya jua kutoka. Anayevunja zamu anakaa kichuguuni siku saba. Mimi ndiye katibu wa kamati ya zamu. Nimechoka na ugomvi wa watu.

Jumanne, 4 Juni
Masanja kamaliza; mpaka avunje mwingine, vijana wanapokezana kichuguuni. Alivusha ng'ombe asubuhi, nikamshitaki mwenyewe. Ameniaga kwa adabu, shikamoo na yote. Nilijiona mtu wa haki.

Alhamisi, 6 Juni
Jua limetoka, wavu bado umekatiza mto, ukingo hadi ukingo. Vyelezo ni vipande vya ndala za bluu. Navijua. Wavu wa mdogo wangu, Desideri. Nilimwambia autoe. "Kesho, dada. Samaki ndio wameanza kupanda." Nikamwacha. Kwenye daftari la kamati sikuandika kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Wavu upo palepale; bahati tu, tangu jana hakuna mtumbwi ulioshuka. Nimepita nikitazama pembeni.

Jumamosi, 8 Juni
Mtumbwi wa mama Agnella wa Lumemo umenasa kwenye wavu, ukapinduka. Yeye na binti yake, mjamzito, walishikilia matete mpaka wakavutwa. Wazima, namshukuru Mungu. Mpunga wao wa mwaka mzima umekwenda na maji. Kitambaa kilikuwa juu. Njia ilikuwa yao. Desideri analia. Mimi najichukia tu.

Jumapili, 9 Juni
Kikao baada ya misa. Desideri amekiri, atamfidia mama Agnella kwa mpunga wake mwenyewe. Watu wakaanza kuinuka. Ningeweza kuondoka nao. Nikasema niliuona wavu tangu Alhamisi. Masanja alitazama viatu vyake. Nikataka kuachia ukatibu, wamekataa; siku saba zangu kwanza, za Desideri zitafuata. Kichuguu kinaningoja kesho, na daftari pia.

Jumatatu, 10 Juni
Jua kali, mkono unauma. Adhuhuri Masanja kafika na ng'ombe. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa bado unashuka, kitambaa juu. Akawazuia. Nilingoja aniseme, na ilikuwa haki yake.
"Katibu, hapo siafu wanapita jua likigeuka. Mimi nilikuwa nakaa upande ule."
Nikahamia. Mtumbwi ukapita. Nikashusha kitambaa, ng'ombe wakaingia majini.