Tumbo Lililokuwa kwa Friji ya Okoth

Eldoret, Jumatano

Mzee wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Baridi ya huku inauma hata mchana, lakini Mungu yuko.

Mjukuu wetu Ouma alilala hospitali na kile kifungo cha koti lako kooni. Okoth, mtoto wa dada yako, ndiye angekitoa leo kwa paipu nyembamba yenye taa, maana ndiyo kazi anayofundishwa huku akisomea udaktari. Asubuhi, hapa kwake ninakolala, nilifungua friji nikaona tumbo la mbuzi. Nikasema, kijana hana bibi, wacha nimpikie. Nikalikaanga na vitunguu na dania.

Saa sita akaja na mwalimu wake, mama mkali kutoka Nairobi. Okoth akafungua friji, akashika kichwa.

"Mama, tumbo liko wapi?"

"Liko mezani, baba. Naweni mikono."

Kumbe ni la kujifunzia! Wanaficha vifungo ndani, halafu wanavivua kwa ile paipu. Mwalimu akasema bila zoezi Okoth hagusi mtoto. Nikakimbia mpaka buchari na leso ya jikoni, nikiomba kwa sauti, watu wakinipisha.

Nikapeleka lingine hospitali. Wakaficha vifungo ndani, Okoth akavivua vyote, na jioni akatoa chetu. Ouma alipoamka aliuliza kama shuleni wamekunywa maziwa ya Nyayo bila yeye.

Mwalimu naye amerudi hapa kula lile tumbo la vitunguu, amemaliza sufuria.

Kifungo nimekiosha vizuri. Nitakishona, ukivae kanisani, na tusimwambie mtu kilikolala.

Mungu akufunike,
Mama Achieng